Dawa ya Shamba ni Sumu: Tuipunguze



Katika lugha yetu neno "dawa" limebeba mzigo mkubwa. Kidonge cha malaria tunakiita dawa, na kile kinachopuliziwa nyanya, pamba na kahawa nacho tunakiita dawa. Mabwana shamba hukiita kiuatilifu. Sisi wauguzi tunaowapokea wagonjwa wake tungependa kijulikane kwa jina lake halisi: ni sumu. Kimetengenezwa ili kiue.

Aina nyingi za sumu ya wadudu huharibu mishipa ya fahamu ya mdudu, na mishipa yetu hufanya kazi kwa namna inayofanana. Ndiyo maana mtu aliyedhurika hutokwa na mate, machozi na jasho jingi, hutapika, huhara, mboni za macho huwa ndogo, misuli hutetemeka na pumzi hukata. Sumu hiyo huingia kwa mdomo, kwa pua na hata kwa ngozi tu. Hospitali ina atropini na oksijeni, lakini mgonjwa akichelewa njiani, hizo zaweza zisitoshe.

Wagonjwa hawa hutufikia kwa njia tatu. Yuko baba aliyepulizia mchana kutwa akiwa na shati jepesi. Yuko mtoto aliyekuta sumu imehifadhiwa katika chupa ya soda akadhani ni kinywaji. Na yuko mtu aliyezidiwa na huzuni, ambaye sumu ilikuwa karibu naye kuliko mtu wa kuzungumza naye. Kwa huyu wa tatu tuna fundisho kutoka Sri Lanka. Nchi hiyo ilipiga marufuku sumu kali za kilimo hatua kwa hatua, na kati ya mwaka 1995 na 2015 vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 70 hivi. Mavuno hayakushuka kwa sababu ya hatua hizo.

Kwa miaka mingi tumewaambia wakulima wavae glovu, buti na kinga ya uso. Ushauri huo ni sahihi na uendelee. Lakini tuseme ukweli: ni nani anayeweza kuvaa mpira mwili mzima kwenye jua la saa sita? Ni familia ngapi zenye fedha za kununua vifaa hivyo kila msimu? Maoni yetu ni kwamba kinga ya kweli ni kupunguza haja yenyewe ya kupulizia. Sumu isiyoingia nyumbani haimdhuru mtoto.

Wengine watauliza kama jambo hilo linawezekana. Linawezekana, nasi tunatoa mifano minne.

Kwanza ni muhogo. Katika miaka ya 1970 mdudu mdogo mweupe, kidung'ata, aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini akaharibu mashamba ya muhogo katika nchi nyingi. Wataalamu walikwenda kumtafuta adui yake huko huko alikotoka. Wakampata nyigu mdogo sana nchini Paraguay mwaka 1981, wakamzalisha na kumwachia katika nchi nyingi za Afrika. Nyigu huyo hutaga mayai ndani ya kidung'ata na kumwua. Mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo, Hans Herren wa Uswisi, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Mamilioni ya familia walipona njaa, na mkulima hakuhitaji kununua hata chupa moja ya sumu.

Pili ni kahawa. Wenzetu wa mikoa ya kahawa wanajua gharama ya kupulizia mibuni dhidi ya chulebuni na kutu ya majani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao yake Lyamungu, Kilimanjaro, imetoa tangu mwaka 2005 aina za mibuni zinazostahimili magonjwa hayo. Kenya nayo ilitoa Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian mwaka 2010. Mbuni wenye kinga yake mwenyewe ni kama mtoto aliyechanjwa.

Tatu ni nyanya. Mwaka 2014 aliingia nchini kwetu yule kiwavi ambaye wakulima wamemwita kanitangaze. Hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, hivyo sumu nyingi humpita juu juu, na zile zinazomfikia huzizoea upesi. Mkulima akiona hivyo huongeza dozi, tena karibu na siku ya kuchuma. Ipo mitego yenye harufu ya nondo jike: madume hufuata harufu hiyo na kunaswa. Kwa kuhesabu walionaswa mkulima hujua kama wadudu wapo au hawapo, asipulizie kwa mazoea tu. Ipo pia dawa itokanayo na bakteria wa udongoni, ambayo hudhuru viwavi wanaoila lakini haina hatari kubwa kwa binadamu.

Nne ni mbegu zilizobadilishwa chembe za urithi. Nchini Burkina Faso wakulima walianza mwaka 2008 kupanda pamba iliyowekewa chembe ya urithi ya bakteria huyo huyo, wakapunguza kupulizia kutoka mara 6 hadi mara 2 kwa msimu. Lakini nyuzi za pamba hiyo zilikuwa fupi, bei ikaharibika, na kufikia mwaka 2016 nchi hiyo ilikuwa imeiacha. Hapa Tanzania Serikali ilitangaza kusitisha majaribio ya mbegu za namna hiyo Januari 2021. Kwetu sisi, mbegu hizi zisiogopwe kwa uvumi wala zisisifiwe kwa matangazo. Kila moja ipimwe: je, imepunguza sumu? Je, inamfaa mkulima na soko lake? Wakati mjadala huo ukiendelea, njia tatu za kwanza hazina sababu ya kusubiri.

Hatusemi kwamba mabomba yote yatupwe leo. Mkulima aliyevamiwa na wadudu ana watoto wa kulisha. Tunachoomba ni kubadili mpangilio: ianze mbegu au miche inayostahimili, ifuate usafi wa shamba, kisha mitego na wadudu marafiki, na sumu iwe ya mwisho kabisa. Ikibidi kuitumia, ifuatwe karatasi ya maelezo, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ifungiwe kabatini katika chombo chake chenyewe, kamwe isiwekwe kwenye chupa ya soda.

Akina baba na akina mama, bwana shamba anapowatembelea msimwulize tu "Tupulizie dawa gani?" Mwulizeni pia: "Tufanye nini ili tusipulizie?" Jumuiya zetu ndogo ndogo, ambazo hununua mbolea kwa pamoja, zaweza kununua mitego na kuagiza miche kwa pamoja.

Wazee walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa ugonjwa huu, kinga haiko katika kabati la hospitali. Iko shambani, mikononi mwenu.