Jambia Juu ya Uso wa Saa
Katika saa zote za zamani zinazogombewa minadani, hakuna zinazonigusa kama zile za Oman. Sultani Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi kufariki kwake Januari 2020, alikuwa na desturi ya kutunuku saa. Miongoni mwazo zilikuwamo Rolex zilizopitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya nchi: jambia juu ya panga mbili zilizopishana. Nyingine zilifika mikononi mwa wanajeshi wa Uingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar, kusini mwa Oman. Nembo ile ni wino kidogo tu, lakini huipandisha saa bei mbali na nyingine ya aina ile ile isiyo nayo, na kwa sababu hiyo matapeli huichapa upya. Ndiyo maana mkusanyaji makini hukagua uso wa saa kwa lenzi, kisha huulizia sanduku, hati, barua ya zawadi, na jina la aliyetunukiwa. Kinachoniuma zaidi ya utapeli ni usafi. Fundi mwenye nia njema huuondoa uso wa asili akaweka mpya unaong'aa, akapiga msasa kingo za chuma, na historia yote ikaishia kwenye pipa la taka. Kama nyumbani mwenu, Muscat au Unguja, mzee aliacha saa yenye jambia, nawasihi: mwambieni fundi ashughulike na mashine ya ndani tu, uso asiuguse.