Mipira ya breki ya chuma: utanunua hisia, hutanunua breki

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita nilisema kwa haraka kwamba kuweka mipira ya breki ya chuma ni kupoteza hela. Mwenzangu akacheka, muda ukatuishia, tukahamia kwenye mambo ya harusi. Nikiwa njiani kurudi nyumbani nikajua nimesema vibaya. Si kupoteza hela. Ila watu wengi wanainunua kwa sababu isiyo yake, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo leo nasema vizuri kile nilichotaka kusema.

Tuanze na majina, maana najua wengi wetu tunaongea magari kwa Kiingereza tu. Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta ya breki yaliyo ndani ya masta silinda. Mafuta yanapita kwenye mabomba ya chuma yaliyolala chini ya gari. Yakikaribia tairi yanaingia kwenye mipira, kwa sababu tairi inapanda, inashuka na kukata kona, na bomba gumu lingevunjika. Mwisho yanafika kwenye kalipa, ambayo inabana pedi mbili kwenye diski. Baba yangu, ambaye alijifunza ufundi Tanga kabla ya kuja Uingereza, anaiita mipira ya breki. Kuna mafundi watakwambia hozipaipu. Poa, ni kitu kilekile.

Mpira wa kawaida ni raba yenye nyuzi ndani yake. Ukikanyaga kwa nguvu unavimba kidogo, kidogo sana, na sehemu ya mwendo wa mguu wako inaishia kwenye huo uvimbe badala ya kufika kwenye pedi. Mpira wa chuma, kwa ndani, ni bomba jembamba la tefloni, halafu umevikwa wavu wa nyuzi za chuma kisichoshika kutu. Huo hauvimbi sana. Kwa hiyo pedali inatakiwa iwe ngumu zaidi na ishike mapema zaidi. Hiyo ndiyo nadharia, na ni ya kweli.

Sasa yaliyonikuta.

Miaka mitatu iliyopita nilinunua seti ya mipira minne ya chuma kwa kigari changu cha mwaka 2006. Kama pauni 100 hivi, ukiacha hela ya fundi. Siku ya kulichukua gari nilikanyaga pedali nikabaki nacheka peke yangu. Mwanzo ilikuwa inadidimia kama godoro la zamani, sasa imesimama kama ukuta. Nikampigia Baba simu palepale.

"Shikamoo Baba. Breki zimekuwa mpya kabisa!"

"Marahaba. Umebadilisha na tairi?"

"Hapana, tairi bado nzima."

Akanyamaza. Wanaomjua Baba wanajua ile kimya ina maana gani.

Tairi zangu zilikuwa na kina cha milimita 2. Sheria ya hapa inataka isipungue 1.6, kwa hiyo kwenye karatasi nilikuwa salama. Wiki chache baadaye mvua inanyesha, Mama amekaa pembeni yangu, mapajani ameshika sufuria ya pilau tunaipeleka kwenye shughuli. Na niseme ukweli: nilikuwa nimeanza kuendesha kwa kujiamini kupita kiasi. Nilikuwa nachelewa kukanyaga breki kwa sababu mguu ulikuwa unaniambia kila kitu kiko sawa. Tulipokaribia kiplefti, gari la mbele likasimama ghafla. Nikakanyaga. Pedali ngumu, safi, kama nilivyolipia. Halafu nikasikia ABS inatetemesha mguu, na gari likaendelea kuteleza tu, taratibu, kama linaenda kumsalimia yule wa mbele. Tulisimama ikiwa imebaki nafasi ya mkono mmoja. Mama hakupiga kelele. Alishika mfuniko wa sufuria akasema, "Rudi nyumbani ukabadilishe hizo tairi." Hata hakujua kama nimeweka mipira mipya.

Nilipomsimulia Baba jioni, alisema sentensi moja: "Ulinunua mguu, hukununua breki."

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Swali la kama mipira ya chuma inaboresha hisia ya breki lina jibu lake, na jibu ni ndiyo, kiasi. Lakini hisia na kusimama ni vitu viwili. Breki nzima za gari la kawaida, hata zikiwa na mipira ya raba, zina nguvu ya kutosha kufunga tairi au kuiamsha ABS. Ukishafika hapo, anayeamua utasimama wapi ni tairi na lami. Mpira wa breki kazi yake imeshakwisha.

Angalia namba za Highway Code. Kwa maili 30 kwa saa, umbali wa kusimama ni mita 23: mita 9 za kufikiri na mita 14 za breki. Kwa maili 70 ni mita 96, na 21 kati ya hizo gari linakwenda wakati wewe hata hujagusa pedali. Hiyo ni barabara kavu. Kwenye mvua wanakwambia uongeze nafasi hadi angalau mara mbili. Sasa niambie, ule uvimbe mdogo wa raba unakula mita ngapi hapo? Ukiweka simu chini na ukaacha nafasi, utapata mita nyingi zaidi, tena bure.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linaloniudhi nikisikia watu wanasifia mipira yao. Fundi hawezi kubadilisha mipira bila kufungua mfumo. Akishafungua lazima aweke mafuta mapya ya breki na atoe hewa yote. Kwa hiyo siku unayosema "mipira imebadilisha kila kitu", umebadilishiwa vitu vitatu kwa pamoja: mipira, mafuta, na hewa iliyokuwa imejificha ndani. Hewa inabanwa, mafuta hayabanwi. Hata kiputo kidogo cha hewa kinaifanya pedali iwe laini. Kama gari lako lina miaka 15 na mafuta hayajaguswa miaka yote, sifa nyingi unazompa mpira ni za mafuta na hewa.

Nilikuja kuliona hili kwenye gari la Baba mwenyewe. Lilikuwa na umri unaokaribiana na la kwangu, na pedali yake ilikuwa godoro vilevile. Yeye aliweka mipira ya raba, mipya, ya kawaida, akamwaga mafuta ya zamani na kutoa hewa. Mimi ndiye nilikaa ndani nikikanyaga huku yeye yuko chini anapiga kelele: "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Tulipomaliza nikaliendesha. Wallahi, kama ungenifunga macho nisingeweza kukuapia lipi lina chuma na lipi lina raba. Sio jaribio la maabara, najua, ni magari mawili na mguu mmoja. Lakini lilinitosha kuacha kujigamba.

Na mafuta si mambo ya hisia tu. Mafuta ya DOT 4, ambayo magari mengi yanatumia, yananyonya unyevu. Yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango wanachodaiwa kinashuka hadi 155. Ukiteremka mlima mrefu umekanyaga breki muda wote, joto linapanda, maji yanageuka mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Pedali inakwenda hadi chini na gari haliko nawe tena. Hapo mipira ya chuma haikusaidii kitu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanasema badilisha mafuta kila baada ya miaka miwili au karibu na hapo.

Nisiwe mnafiki. Kuna watu wanaohitaji mipira ya chuma. Ukienda kuzungusha gari kwenye uwanja kama Donington Park au Brands Hatch, unakanyaga kwa nguvu kona baada ya kona, kila kitu kinachemka, na raba ya moto inavimba zaidi. Pale unahitaji pedali ambayo haibadiliki kutoka mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho. Wenye pikipiki nao wanaisikia tofauti kirahisi zaidi, kwa sababu wanashika breki kwa vidole, na vidole vina akili kuliko kisigino. Na kama mipira yako imezeeka na bei hazipishani sana, weka ya chuma, sikukatazi. Pedali ngumu inakusaidia kupima nguvu unayotoa. Hiyo ni faida ya kweli. Ila uiite kwa jina lake.

Kama utaiweka, usinunue ya bei ya kutupa kwenye intaneti bila kujua imetoka wapi. Hakikisha ni ya urefu sahihi, haijajipinda, na haisuguani na kitu ukikata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Wavu wa chuma usiofunikwa ukisuguana na kitu unakata kama msumeno. Halafu iambie kampuni yako ya bima. Watu wanasahau kwamba kwa bima nyingi za hapa hayo ni mabadiliko ya gari, na hutaki kulijua hilo siku ya ajali.

Nimeandika yote haya kwa sababu ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Ana miaka 22, gari lake la kwanza, na juzi kanionyesha mipira ya chuma ya rangi nyekundu aliyoiweka kwenye kikapu cha mtandaoni. Nikamuuliza tairi zina hali gani. Akasema, "Hizo zitasubiri mshahara ujao." Nikajisikia mimi mwenyewe miaka mitatu nyuma. Sikumkaripia. Nilimpeleka kwenye gari, nikamfundisha kipimo cha Baba.

Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nne au tano hadi iwe ngumu, halafu ishikilie. Ikizama taratibu chini ya mguu, kuna kinachovuja au masta silinda imechoka, nenda kwa fundi leo. Isipozama, washa injini huku umeikanyaga. Inatakiwa ishuke kidogo, hiyo ni busta inafanya kazi. Kama mara ya kwanza inakwenda mbali na mara ya pili inakuja juu, huenda kuna hewa. Halafu washa tochi uangalie mipira: ikiwa ina nyufa, imevimba au ina unyevu, inabadilishwa, ya chuma au ya raba, mwaka huu si mwaka ujao.

Ya kwake ilishika vizuri. Mipira mizima. Tairi mbili za mbele, vipara.

Kwa hiyo foleni yangu ya matumizi ni hii: tairi kwanza, mafuta ya breki ya pili, mipira iliyozeeka ya tatu, pedi na diski zikifika mwisho. Ukimaliza hapo na bado una hela na hamu, nunua mipira ya chuma, chagua na rangi unayotaka. Mimi bado ninayo kwenye gari langu na bado naipenda. Lakini siku hizi nikiikanyaga pedali ile ngumu nakumbuka sufuria ya pilau, naongeza nafasi.

Dogo aliifuta ile mipira kwenye kikapu. Jumamosi tunaenda kununua tairi. Baba amesema anakuja, ili asiibiwe bei.