Safari ya nje itangazwe

"Nyamaza mpaka upande ndege." Kauli hii utaisikia Ilemela nzima hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Kayenze, kila kijana anapopata nafasi ya mafunzo kwa vitendo nje ya nchi. Pasipoti inafichwa chini ya kanga. Majirani wanaambiwa anakwenda Dar kumsalimia mjomba. Sababu inajulikana: wenye kijicho watamloga, viza itakataliwa, safari itakufa.

Imani hii inawaponza vijana wetu, na sisi wakubwa ndio tunaowarithisha.

Viza hukataliwa kwa sababu ya karatasi pungufu, barua ya mwaliko yenye kasoro au akaunti ya benki isiyotosheleza. Afisa wa ubalozi hamjui jirani yako. Wewe unamjua, na huenda mdogo wake aliwahi kufanya kazi Doha. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili anaweza kuusoma mkataba wa Kiingereza akagundua kwamba posho haikutajwa popote, au kwamba pasipoti itashikwa na mwenyeji. Hao wote unawafungia mlango kwa kuwaogopa.

Anayenufaika na ukimya huu ni dalali. Tangu 2008 tuna sheria ya kuzuia biashara haramu ya kusafirisha binadamu, lakini madalali hao bado wanawapa vijana agizo lilelile la nyumbani: usimwambie mtu. Kijana aliyekulia na agizo hilo hashtuki akilisikia kwa tapeli. Tena hana wa kumwambia, "Mwanangu, tukaulize kwanza ofisi ya kazi kama huyu wakala ana leseni."

Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tulipaswa kuwa wa kwanza kukataa safari za kimyakimya. Meli ya MV Bukoba ilipozama ziwani humu tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina. Mpaka leo idadi kamili ya waliokufa haijulikani. Wapo waliozikwa bila ndugu zao kujua kwamba walikuwa melini.

Mwaka 2023 vijana wawili wa Kitanzania, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, walikwenda Israeli kujifunza kilimo. Wote wawili waliuawa katika shambulio lililofanywa huko tarehe 7 Oktoba mwaka huo. Mwili wa Mollel ulirudishwa Novemba 2025, baada ya miaka miwili ya kusubiri. Kutangaza safari kusingewaokoa, wala sitaki kuwadanganya wasomaji. Lakini jamaa zao walijua walikokwenda, kwa hiyo walikuwa na pa kuanzia kuuliza na haki ya kudai. Aliyeaga kwamba yuko Dar, nani atamdai?

Najua wapo waliotangaza, safari ikavunjika, mtaa ukawacheka. Inauma, na wanaocheka wana dhambi yao. Hata hivyo kicheko hupita, ila kupotelea ugenini bila mtu wa kukuulizia ni balaa kubwa zaidi.

Wewe unayejiandaa kuondoka, mwambie balozi wako wa nyumba kumi, waambie wa jumuiya au wa msikitini. Nakala ya mkataba, anwani ya unakofikia na namba ya mwenyeji wako viache kwa watu wawili usioishi nao nyumba moja. Kisha waage watu wa mtaa wako mchana, wakuombee kwa jina.