Mwanagenzi, Ijue Kwanza Mali Unayoiuza

Nimepewa ukurasa huu nitoe maoni, nami nataka kusema juu ya kazi ambayo wengi wetu tunaitamani tukimaliza shule, yaani kutangaza biashara za watu mtandaoni. Tangu mwaka 2016 hata serikali imekuwa ikiwafunza vijana kazi za mtandaoni kupitia mpango wa Ajira Digital. Lakini maoni yangu ni haya: mwanagenzi wa kazi hii asianze na simu. Aanze na mali anayoiuza.

Haya sikuyasoma kitabuni. Likizo ya Desemba nikiwa Kidato cha Pili nilikwenda kujifunza kwa mjomba, ambaye ana mashua yenye kioo chini ya kuwapeleka wageni kutazama matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Malindi. Nikamwambia, "Mjomba, niachie mimi, wiki moja tu utaona wateja watakavyomiminika." Wallahi nilijiona fundi, na ile mashua sijaipanda hata siku moja! Nilichota picha kwenye intaneti, maji ya samawati na samaki wa kila rangi, nikaibandika: "Njooni Malindi mjionee!"

Wakaja. Baba, mama na watoto watatu kutoka Nairobi. Kumbe mvua za vuli zilikuwa zimenyesha bara na mto Sabaki umefurika. Sisi wa hapa twajua: Sabaki ukijaa, udongo wake mwekundu hutapakaa baharini, maji yakawa kama chai ya maziwa. Mjomba aliwaeleza, nao wakasema tumeshafika, twende tu. Watoto waliinamia kioo nusu saa wasione hata mkia wa samaki. Yule baba hakupiga kelele. Alitoa simu, akamwonyesha mjomba ile picha, akauliza, "Mzee, hapa ni wapi?"

Mjomba hakuwa na jibu. Alirudisha pesa zote, na petroli ikaenda bure. Jioni aliniambia, "Mwanangu, leo umeuza jina langu, nalo halina duka la kununulia jingine."

Wazee husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wako wanaoitumia methali hii kuidharau kazi ya matangazo. Hapo siwaungi mkono. Mashua ya mjomba ni nzuri, lakini imelala mchangani siku ngapi kwa kukosa wa kuisemea? Hata Malindi ya kale ilijitangaza. Mwaka 1415 wajumbe wake walimpelekea mfalme wa Uchina twiga. Lakini angalieni, ndugu zangu: walimpeleka twiga mwenyewe, si sifa za twiga!

Basi mwanagenzi aanzeje? Mimi niliporudi kwa mjomba nilipanda mashua siku kumi mfululizo, daftari mkononi. Nikajua kwamba matumbawe huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, na kwamba kusi ikivuma bahari huchafuka, hoteli nyingi zikafunga. Nikajua pia kwamba karibu kila mgeni huuliza kama bei ina kiingilio cha hifadhi kinacholipwa KWS. Maswali ya wateja ndiyo yanayokufundisha la kuandika.

Pili, picha apige mwenyewe na aandike tarehe. Akitaka kumpiga mgeni, amwombe ruhusa, kwani tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tatu, tangazo alisome kwanza mwenye biashara kabla halijatoka. Likiwa na uongo, atakayeulizwa ni yeye, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpotosha mnunuzi.

Najua kuna atakayesema, "Aah, uongo kidogo ndio biashara." Sikubali. Mteja aliyedanganywa sokoni humwambia jirani yake, lakini aliyedanganywa mtandaoni huandika, na maandishi yake husomwa na watu ambao hawajakanyaga Malindi. Ukianza uanagenzi kwa uongo, hata siku utakaposema kweli hutaaminika.

Siku hizi likizo zikifika, ukurasa wa mjomba huweza kusema hivi: "Leo maji ni machafu, tungojeni wiki ijayo." Mwanzoni mjomba alishtuka, akadhani nawafukuza wageni. Kumbe wapo waliopiga simu kushukuru, wakabadilisha siku, wakaja.

Walimu wetu msidhani napigia debe simu shuleni. Napigia debe ukweli, na huo twaweza kuanza kujifunza hapa hapa katika insha zetu. Nyota njema huonekana asubuhi. Kalamu yangu naitua hapa.