Daktari Aliyekubali Kubaki

Mwaka 1935 daktari kijana wa Kiingereza aliyeitwa Leader Stirling, aliyekuwa na umri wa miaka 29, alishuka kusini mwa Tanganyika. Alikuwa mpasuaji aliyefunzwa London. Lau angependa, angalibaki kwao akafungua nyumba ya tiba, akatajirika, akazeeka kwa raha. Badala yake alijiunga na Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi za UMCA, ambayo watumishi wake hawakupewa mshahara ila masurufu ya kujikimu, akapelekwa sehemu za Masasi na kufanya kazi Lulindi. Hakurudi kwao. Alifariki dunia mwaka 2003, raia wa Tanzania, akiwa mzee wa miaka 97.

Yumkini msomaji atauliza: gazeti la visiwani, ambako walio wengi ni Waislamu, lina shughuli gani na mmisionari wa Masasi? Shughuli ipo, na inaanzia hapa hapa Unguja. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, UMCA ilijenga kanisa lake mahali pale pale. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1876, Askofu Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani akaenda kuwapa makazi Masasi. Kwa hiyo misheni aliyoikuta Dakta Stirling ilianzishwa na watu waliotoka kisiwani petu, ambao wengi wao walipita hapa na minyororo shingoni. Masasi na Unguja ni ndugu wa jeraha moja.

Hatuandiki haya ili kuupaka ukoloni chokaa. Tunafahamu, na wazee wetu walifahamu zaidi, kwamba mara nyingi dawa ya misheni ilikuja na mahubiri katika kikombe kimoja. Mgonjwa aliyelala wadini hakuwa na pa kwenda sala ilipoanza. Bibi yetu, ambaye katika usichana wake aliwahi kutibiwa na masista wa misheni mjini, alikuwa akisema kwamba dawa aliichukua na sala aliiacha mlangoni kama viatu. Sisi tuliosoma chuoni, tukakaa mikekani mbele ya mwalimu kabla hatujaingia skuli ya Serikali, tulilelewa na tahadhari hiyo, nayo haikuwa tahadhari ya wajinga.

Aidha tunajua kwa nini pengo lile lilikuwapo hata misheni ikapata kuliziba. Serikali ya kikoloni ilijenga hospitali penye maofisa, reli na mashamba ya kuuza nje. Jimbo la Kusini halikuwa na mengi ya kuvunwa, likaachwa nyuma. Buba, ukoma, malaria na safura viliwatafuna watu waliolipa kodi ya kichwa sawasawa na wenzao, lakini kodi ile haikuwarudia kwa sura ya daktari. Serikali iliyokusanya kodi haikuonekana, akaonekana mtu wa kanisa. Hilo si sifa kwa ukoloni hata kidogo. Ni shitaka juu yake.

Lakini haki ni haki. Mtu apimwe kwa kazi yake, si kwa meli iliyomleta. Dakta Stirling alifanya upasuaji katika mazingira ambayo wengi wangeyatumia kuwa sababu ya kuhama. Pamoja na kutibu, alifundisha. Aliwachukua vijana wa kike na wa kiume wa pale pale, akawasomesha uuguzi, wakati ambapo wakoloni wengi waliamini kwamba kazi ya Mwafrika hospitalini ni kubeba ndoo na kufagia. Daktari anayetibu tu, siku akiondoka huacha kaburi la kazi yake. Yule anayefundisha huacha hospitali.

Mwaka 1949 alihama kutoka kanisa la Kianglikana akaingia Ukatoliki, akaenda kufanya kazi na Wabenediktini huko Mnero, karibu na Nachingwea. Kwa miaka kama 15 aliendelea na shughuli ile ile katika kusini ile ile. Jambo hili linatufunza kitu: alibadili madhehebu, hakubadili wagonjwa. Baadaye, katika miaka ya 1960, alihamia hospitali ya Kibosho, Kilimanjaro.

Sehemu ya maisha yake inayokihusu Chama ilianza kabla ya hapo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wakoloni walibuni mtindo wa kura tatu, kila mpigakura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Nia ilikuwa kuigawa nchi kwa rangi. TANU, baada ya mjadala mkali katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, iliamua kushiriki na kuwaunga mkono wagombea wa rangi nyingine waliokubali shabaha ya uhuru. Dakta Stirling alikuwa miongoni mwa Wazungu waliosimama upande wa TANU, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Wengi wa rangi yake walikuwa wakifunga masanduku. Yeye alifungua ukurasa mpya, akabaki mbunge kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa Waziri wa Afya, wadhifa alioushika hadi 1980. Tuzingatie uzito wa jambo hilo: daktari aliyekuja chini ya bendera ya Mwingereza alikabidhiwa afya za wananchi na Serikali ya wananchi wenyewe. Wakati huo Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kuelekeza fedha za afya kwenye zahanati na vituo vya vijijini kuliko majumba makubwa ya mijini, na waganga wa vijijini na wakunga walikuwa wakifunzwa kwa wingi. Ulimwengu ulipokutana Alma-Ata mwezi Septemba 1978 kutangaza kwamba afya ya msingi ni haki ya watu wote, Tanzania ilikuwa moja ya nchi zilizotolewa mfano.

Si kila uamuzi wa miaka ile ulidumu. Sheria ya 1977 iliyopiga marufuku tiba ya binafsi ya kutafuta faida ililegezwa mwaka 1991, baada ya uchumi kuyumba na dawa kuadimika. Tunaweza kubishana juu ya sheria hiyo. Hatuwezi kubishana juu ya msingi wake, nao ni kwamba ugonjwa wa maskini usiwe duka la mtu.

Dakta Stirling aliandika vitabu juu ya kazi yake. Cha kwanza, cha 1947, jina lake lilimtaja kuwa daktari wa porini. Cha pili, cha 1977, kilimtaja kuwa daktari wa Tanzania. Baina ya majina hayo mawili imo safari nzima. Katika jina la kwanza nchi yetu ni pori, na daktari ni mgeni aliyejitolea kuliingia. Katika jina la pili pori limetoweka: ipo nchi yenye jina lake, na daktari ni mtu wake.

Sasa tutazame nyumbani. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ya Zanzibar ilitangaza matibabu bila ya malipo, na mwaka huo huo ndipo madaktari wa Kichina walipoanza kuja, wakifuatana zamu kwa zamu hadi leo. Tumejenga vituo vya afya Unguja na Pemba, na vijana wetu wanasomea udaktari ndani na nje ya nchi. Hayo ni matunda, na asiyeyaona ana ghera.

Walakini, kuna siku moja ambayo hatuisahau. Tulikuwa gatini tukingoja chombo, upepo wa kusi umekaza. Ikafika ngalawa kutoka kisiwa kidogo, imemlaza mama mjamzito juu ya matandiko, mumewe amemshikilia kichwa. Kisiwani kwao jengo la tiba lilikuwapo, limepakwa rangi. Dawa kidogo zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu. Mhudumu alikuwa mjini siku ya tatu, kwa shughuli ambayo hakuna aliyeijua. Mama alipona, kwa kudra ya Mola na kwa mikono ya mkunga wa upande wa pili. Mtoto hakupona. Hatutaji kisiwa wala mtu, kwa kuwa kosa si la mmoja.

Swali tunalowauliza wakubwa ni hili: iweje mtu wa mbali aliweza kukaa Lulindi miaka 14, nasi tunashindwa kumkalisha mzaliwa wetu katika kisiwa anachokiona kwa macho kutoka dirishani? Tusijibu kwa kuwalaumu vijana peke yao. Daktari aliyepelekwa kisiwani bila ya nyumba, bila ya boti ya kupelekea mgonjwa, na bila ya kujua siku ya kurejeshwa, hakutumwa kazini, ametupwa. Mmisionari alikuwa na kanisa lililomwandikia, likamtumia vifaa, likajua jina lake. Ofisa wa afya wa kisiwani naye ana haki ya kuwa na Serikali inayojua jina lake.

Kwa hiyo tunapendekeza. Kila kituo cha kisiwani kiwe na nyumba ya mtumishi kabla ya kuongezewa rangi ukutani. Iwepo boti yenye mafuta, si boti ya kwenye taarifa tu. Posho ya mazingira magumu ilipwe kwa wakati, na muda wa zamu utajwe katika barua ya uhamisho. Juu ya yote, vijana wa kike na wa kiume wa visiwa hivyo hivyo wachaguliwe kusomea uuguzi na ukunga, maana anayezaliwa na bahari haiogopi.

Na kwa vijana wenyewe tunasema: mmesomeshwa kwa jasho la mkarafuu na mvuvi. Walimu wetu wa chuoni walitufundisha uzito wa kuokoa roho moja. Msikubali kutanguliwa katika jambo hilo na watu wasiosoma juzuu zetu.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na wengi walipona. Siku nyingi zimepita tangu hapo, na zamu ya kuponya sasa ni ya mwenyeji.