Alama ya Mfungwa na Haki ya Kuuliza

Mfungwa aingiapo gerezani hukumu yake imekwisha kusomwa mahakamani, lakini iko hukumu ya pili isiyotangazwa mbele ya watu, nayo ni ile ya maafisa wanaoamua awekwe chini ya ulinzi wa daraja gani, atolewe nje kufanya kazi au asitolewe, na alale na nani. Katika nchi za Magharibi hukumu hii aghalabu hutegemea karatasi ya maswali yenye alama, iliyotungwa kwa takwimu za wafungwa waliotangulia, ambayo jumla yake hudaiwa kubashiri iwapo mtu atarudia jinai.

Mintarafu ya karatasi hizo, Mahakama ya Juu ya Kanada ilitoa uamuzi tarehe 13 Juni 2018 katika daawa ya Jeffrey Ewert, mfungwa wa jamii asilia ya Wamétis, ambaye tangu mwaka 2000 alikuwa akilalamika kwamba vipimo hivyo havikuthibitishwa kwa wenyeji asilia wa nchi ile. Majaji 7 dhidi ya 2 waliona kuwa Idara ya Magereza ilivunja sheria inayoilazimu kuhakikisha usahihi wa habari inazozitumia; madai ya kikatiba ya Ewert waliyakataa, wala hawakuvipiga marufuku vipimo vyenyewe. Wako watakaouona ushindi huo kuwa mdogo; mimi nauona mkubwa, maadamu idara ikitaka kuendelea navyo sharti ivichunguze kwanza.

Tazameni kipimo kimoja tu kati ya hivyo, kiitwacho VRAG, kilichoasisiwa kwa wanaume wa hospitali ya maradhi ya akili yenye ulinzi mkali huko Penetanguishene, Ontario. Chauliza kama mtu aliishi na wazazi wake wawili hadi umri wa miaka 16, na asiyeishi nao, isipokuwa kwa kufiwa, huongezewa alama za hatari. Basi mwana wa Port Reitz aliyepelekwa kwa bibi yake Msambweni akasome chuoni, akalelewa kwa adabu na mapenzi, kwa swali hilo ataandikwa kuwa wa hatari kumzidi jirani aliyekulia nyumba moja na baba mkatili. Hiyo naiita dhulma, hata ikivikwa joho la hesabu.

Karatasi kama hizo zikiletwa katika gereza letu la Shimo la Tewa, Mombasa, sheria yetu haitakuwa mikono mitupu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 51, humwachia mfungwa haki zake zote ila zile zisizopatana na kifungo; ibara ya 47 humpa mwenye kudhuriwa na uamuzi wa kiutawala sababu zake kwa maandishi; na Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, yampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo limgusalo kisheria. Kwa hiyo nadai kila kipimo kijaribiwe kwanza kwa wafungwa wa hapa, mfungwa na wakili wake waonyeshwe maswali na alama, na afisa aandike hoja zake mwenyewe. Mawakili wa Mombasa waendao gereza hilo la Shanzu kuwaona wateja wao wasingoje karatasi hizo zifike: daraja la ulinzi hupangwa leo kwa kalamu, na sababu zake zaweza kuombwa leo.