Minziro, mzee wa kupandisha

Wiki hii mambo ya mapenzi tuyape likizo, maana kijiwe chetu hapa Shinyanga kimebishana mpaka kahawa imepoa. Hoja: ile Geita Gold iliyotisha ilikuwa ya hela za mgodi au ya Fred Felix Minziro? Mimi ni wa Minziro. Mwenye kununa anune.

Beki huyu wa zamani wa Yanga alipoingia kwenye ukocha aliangukia kazi ambayo mastaa hawaitaki: ligi ya chini, viwanja vya vumbi, basi usiku kucha. Akaiweza. Mwaka 2017 akaipandisha Singida United. Unadhani walimbakisha? Wapi! Akaletwa Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyetoka kuipa Yanga ubingwa. Mwaka 2018 akaipandisha KMC ya Kinondoni, kiti akakalia Mrundi Etienne Ndayiragije. Yaani mwenzetu anapika, wengine wanapakua.

Sasa Geita. Jamani, wale walikuwa na doa. Mwaka 2016, wakiisaka Ligi Kuu, waliifunga JKT Kanembwa 8-0, huku Polisi Tabora nao wakiitandika JKT Oljoro 7-0. Mabao hayo hata mtoto angeshtuka! TFF ikazishusha zote nne kwa kupanga matokeo, na Mbao ya Mwanza ikapanda kiulaini. Kocha wa Mbao msimu huo wa kwanza? Ndayiragije huyo huyo, na aliifikisha fainali ya Kombe la FA 2017 wakafungwa na Simba 2-1.

Basi Minziro akaenda kwenye timu hiyo iliyochafuka, na mwaka 2021 akaipandisha. Viongozi wakafanya nini? Wakamleta Ndayiragije! Washkaji, ningekuwa mimi ningebeba begi langu nikapande basi la Kahama. Mrundi hakudumu, akatimuliwa mapema msimu huo huo, timu akapewa Minziro.

Hapo ndipo kijiwe kinapopiga kelele. Wanasema hela za GGM ndizo zilizocheza. Sawa, hela ilikuwepo, sibishi. Lakini ilikuwepo na mwanzo wa msimu, timu ilipokuwa inayumba! Chini ya Minziro, Geita ilimaliza ya nne 2021/22, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, ikakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. George Mpole alipachika mabao 17 na kuwa mfungaji bora, akimwacha Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mayele, wapenzi!

Baadaye Minziro akaondoka. Mgodi haukuhama, dhahabu bado inachimbwa pale pale, lakini 2024 Geita ikashuka daraja. Mzee mwenyewe mwaka huo huo alikuwa Mwanza, kakabidhiwa Pamba Jiji iliyokuwa inahema, na hiyo haikushuka. Kahawa ya leo wanalipa wale wa mgodi.